Plasta Kwenye Jicho la Simu

Kitu cha kwanza nilichokiona ni plasta.

Kilikuwa kipande kidogo, hakizidi ukucha wa kidole cha mwisho, cha ile plasta ya kubandika kwenye kidonda. Kilikuwa kimebandikwa mbele ya simu ya mdogo wangu, palepale penye kijicho kinachopiga picha.

Simu haiumwi. Nikajiuliza nani kaumia.

Kama wiki iliyopita ulikaa nami, unajua tulipoachana. Mchumba alishakwenda zake. Kazi ya kwanza ilishaniponyoka kwa sababu ya shati moja la bwana harusi nililolichoma kola. Nilikuwa nimepata kazi nyingine kwa dobi mkubwa anayefua mashuka ya hoteli, napiga pasi. Na mdogo wangu, ambaye peke yake katika nyumba yetu ndiye mwenye kichwa cha shule, alikuwa ameanza kuanguka masomo, wiki baada ya wiki, kama mtu anayeshuka ngazi bila kuangalia nyuma.

Kama hukukaa nami, hayo yanakutosha. Twende.

Mdogo wangu ana miaka kumi na mitatu, yuko darasa la mwisho la shule ya msingi. Nyumbani tunamwita Kasuku. Alianza kuongea kabla ya kutembea, na tangu hapo hajapumzika. Mimi kazini wananiita Kimya. Mama husema siku Mungu alipogawa maneno, mdogo wangu alipita foleni mara mbili, na ile ya pili ilikuwa zamu yangu.

Simu aliletewa na mjomba kwa ajili ya masomo. Kila Jumatatu asubuhi mwalimu huweka humo maswali ishirini. Shuleni simu haziruhusiwi, kwa hiyo mtoto hujibu akirudi nyumbani, anabonyeza, majibu yanakwenda kwa mwalimu.

Halafu ikaja barua. Simu zote za watoto zitiwe programu ya uangalizi. Itaona mtoto anafungua nini, anaandika nini, anaongea na nani. Simu isiyo na programu hiyo haitapata maswali. Asiyefanya maswali hatakuwa na jina kwenye orodha ya mtihani wa mwisho.

Watoto waliipa jina siku hiyohiyo. Waliiita Mama Mkwe, kwa sababu anaona kila kitu, hasemi, halafu habari zako unazisikia kwa watu.

"Sitaki," Kasuku akasema.

"Hutaki nini?" Mama alikuwa anafunga viatu vya kazini. Yeye ni mfagizi wa wodi hospitali.

"Sitaki Mama Mkwe kwenye simu yangu."

"Mwenye hofu ana jambo. Una jambo gani?"

"Sina jambo."

"Huna jambo na alama zimeporomoka? Ulikuwa unaniletea kumi na nane, kumi na tisa. Sasa unaniletea nane. Nane, mwanangu! Nane ni namba ya nyumba, si alama."

"Juzi nilipata kumi na nne."

"Ukaona ni sherehe?"

Kasuku alinigeukia. "Dada, sema kitu."

Nilikuwa nakunja nguo. Nikachukua soksi nyingine nikaitafutia mwenzake.

Adhabu alishapewa zamani. Mama alimtoa kwenye kwaya ya shule, alikokuwa anaongoza sauti ya kwanza, mpaka alama zirudi. Wiki kumi sasa. Kasuku alilia siku moja, kisha akanyamaza. Nami niliongeza langu. Nilimwambia, kwa sauti yangu hii ndogo, kwamba asipojihurumia yeye amhurumie Mama. Aliniangalia kwa muda mrefu, akasema, "Sawa, Dada."

Nataka mlikumbuke hilo. Mimi nalikumbuka.

Ijumaa hiyo Mama alikuwa na zamu, kwa hiyo nilikwenda mimi shuleni. Ukumbini kulikuwa na meza mbili. Kwenye moja alikaa fundi wa kompyuta, anapokea simu na kuzitia programu. Kwenye nyingine kulikuwa na fomu za kusaini, kurasa nne, maandishi madogo.

Mimi husoma polepole. Neno nalishika, nalipima, ndipo naenda lifuatalo. Nilikuwa bado ukurasa wa kwanza, nyuma yangu baba mmoja akaanza kuhema.

"Dada, unaisoma au unaikariri?"

Watu wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, ni kile cha watu waliochoka kusimama. Masikio yangu yakapata moto. Nikafunua mpaka ukurasa wa nne nikasaini.

Ukurasa wa pili ulikuwa na mstari mmoja ambao ningeusoma, leo nisingekuwa na hadithi ya wiki hii.

Plasta niliiona Jumapili, nikifuta vumbi mezani.

"Hii ni nini?"

"Plasta," Kasuku akajibu.

"Naona ni plasta. Simu imejikata?"

"Dada, iache."

"Unamficha nani?"

Alifungua mdomo. Kisha akaufunga. Nimeishi na mtoto huyu miaka kumi na mitatu, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona anakosa neno.

"Hakuna mtu," akasema mwishowe. "Iache tu, Dada. Nakuomba."

Nikafikiri: kuna mwanaume. Kuna mtu anamwambia mtoto wetu mambo, ndiyo maana anaficha jicho, ndiyo maana anapata nane. Nikaibandua plasta. Gundi ilibaki kidogo, nikaifuta kwa ncha ya aproni mpaka kijicho kikang'aa.

Kasuku alisimama akinitazama ninavyofuta.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Haya."

Akaenda kulala saa kumi na mbili jioni, jua halijazama.

Sasa nifike mahali ambapo wiki zote hizi nimekuwa napapitia pembeni. Nimewaeleza habari za mchumba, habari za shati, habari za baba kuondoka. Hili sikuwaeleza.

Nilikoma shule darasa la tano. Kwetu inajulikana kwamba niliikataa mwenyewe. Siku moja asubuhi nilimwambia Mama sipendi shule, akaniuliza mara tatu, mara tatu nikajibu sipendi, yakaisha. Sare yangu Mama akaiweka sandukuni. Kasuku aliivaa alipofika darasa hilohilo, nami ndiye niliyekuwa naipiga pasi.

Mwanzoni mwa muhula soketi ya nyumbani ilikufa. Nikawa naichukua simu ya Kasuku kila asubuhi, maana yeye haendi nayo shuleni, naichaji kazini, jioni namrudishia imejaa.

Chumba chetu cha pasi kina mashine ndefu ya kupitishia mashuka. Mimi nashika pembe moja, Mama Mikunjo anashika ya pili, tunaingiza. Mama Mikunjo ni mama mtu mzima, anaitwa hivyo kwa sababu akiona mkunjo mmoja kwenye shuka analirudisha kama amemfumania mtu. Saa saba wote hutoka kwenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, wapate upepo. Mimi hubaki. Watu wengi wakikaa pamoja wataniuliza kitu.

Jumatatu moja nilikuwa nimebaki peke yangu katikati ya mashuka yaliyotundikwa, simu ikawaka. Maswali ya Kasuku yalikuwa wazi. Nikasoma la kwanza. Robo ya robo ni sehemu gani?

Nilikaa nalo. Halafu nikachukua foronya. Nikaikunja mara mbili, hiyo ni robo. Nikaikunja tena mara mbili. Nikaikunjua yote nikahesabu vyumba vya mikunjo. Kumi na sita.

Nikabonyeza moja ya kumi na sita.

Siwezi kueleza vizuri. Mikono yangu kwa miaka imekuwa ikikunja foronya, haikuwahi kuniambia kitu.

Nikaendelea mpaka la ishirini. Mwisho pana kitufe kimeandikwa Tuma. Nilikibonyeza kama mtu anavyofunga mlango akitoka. Ikatokea alama ya kijani na neno Asante. Nikadhani simu inanishukuru.

Mnaojua mtanicheka. Chekeni. Nilidhani Kasuku akifungua jioni, maswali yanakuwa mapya tena, kama ubao uliofutwa. Daftari nililolijua mimi, kila mtu huandika kwenye lake.

Ikawa kila Jumatatu saa saba. Sikumwambia mtu. Kati ya Jumatatu na Jumatatu nilikuwa nayafikiria yaliyonishinda, na mengine niliyapata nikiwa nimeshika pembe ya shuka.

"Kimya," Mama Mikunjo aliniita siku moja, kichwa amekipitisha kati ya mashuka. "Unamchekea nani humo?"

"Hakuna."

"Hakuna! Jina zuri. Ana gari?"

Nikainama. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mwanangu, mfiche, lakini usimfiche sana. Mapenzi na kikohozi havifichiki."

Na jioni, nyumbani, Kasuku alikaa mezani na simu yake, kidole kinapanda na kushuka, saa nzima. Mimi nikiwa jikoni nilifikiri anajibu maswali.

Jumatatu iliyofuata ile Jumapili ya plasta nilifanya ishirini yangu kama kawaida. Jumatano tukaitwa shule, Mama na mimi.

Mwalimu wa darasa ni mama mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Mezani alikuwa na kompyuta, rula, na karatasi ndefu ya majina. Kasuku alikuwa ameshasimama pembeni ya kabati, mikono nyuma.

"Mama, karibu. Dada, karibu. Sitawachelewesha," mwalimu akasema. "Programu inaonyesha kazi ya mtoto wenu ya wiki hii ilitumwa Jumatatu saa saba na dakika ishirini mchana. Saa hiyo mtoto alikuwa mbele yangu darasani. Kwa hiyo nikaangalia picha."

"Picha gani?" Mama akauliza.

"Programu inapiga picha ya anayejibu, kila swali picha moja. Iko kwenye fomu, ukurasa wa pili. Mlisaini."

Akaigeuza kompyuta.

Nilikuwa mimi. Mara ishirini, kwenye mistari minne, nyuma yangu mashuka meupe. Karibu zote nimeuma mdomo. Kwenye moja nilikuwa natabasamu. Nilimtazama yule wa kwenye picha hiyo kama mtu wa kukutana naye sokoni, unajua umewahi kumwona, hujui wapi.

"Huyu ni nani?" mwalimu akauliza, ingawa nilikuwa nimekaa mbele yake.

"Ni dada yake," Mama akasema. "Ni huyu hapa." Kisha akanigeukia. "Umemfanyia mdogo wako kazi?"

Nikaitazama rula ya mezani.

"Nilimwomba mimi," Kasuku akasema.

Wote tukamtazama.

"Mimi ni mvivu, Mwalimu. Nilimwambia Dada anifanyie. Alikataa, nikambembeleza. Yeye hana kosa."

Mwalimu alivua miwani. "Wewe peke yako ulikuwa unapata kumi na tisa. Ukaona bora umtafute wa kukupatia nane?"

"Sikujua kama ni mbovu hivyo."

"Na baada ya kujua?"

"Nilimwonea haya kumfukuza kazi."

Mama alitoa sauti puani, karibu iwe kicheko, kisha akaziba mdomo kwa kiganja. Mwalimu hakucheka.

"Sheria ni moja," akasema. "Anayefanyiwa kazi na mtu mzima anaondolewa kwenye orodha ya mtihani na anarudia darasa. Orodha inachukuliwa leo saa tisa." Akaweka rula chini ya jina la Kasuku, kama anavyofanya mtu anayetaka kuchora mstari ulionyooka. Kisha akaitazama saa ya ukutani. "Nawapa dakika tano nje. Mkaongee kama familia. Mkirudi bila la kuongeza, nalikata."

Mama alipofika kwenye korido hakusimama. "Niacheni nipumue," akasema, akaenda mpaka bombani, akafungua maji, hakunywa.

Tulikaa kwenye benchi. Darasa la jirani watoto wadogo walikuwa wanaimba jedwali la saba. Saba mara nne, ishirini na nane.

"Kwa nini umesema uongo?" nikamwuliza.

"Ulitaka niseme nini?"

"Hukuniomba kitu. Mimi sikujua kwamba yanakwenda. Nilidhani jioni unafanya ya kwako."

"Najua ulidhani hivyo."

"Unajua tangu lini?"

Alikuwa anachezea kifungo cha shati. "Tangu siku ya kwanza. Nilifungua jioni nikakuta imefungwa. Imeandikwa: umeshatuma, alama nane. Nikajua ni wewe, maana kioo kilikuwa na wanga wa mashuka. Simu yangu yote ilinuka kazini kwenu."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka kukwambia kesho yake." Akakizungusha kifungo. "Lakini ulirudi unaimba, Dada. Unaosha vyombo unaimba. Wewe huimbi. Nikasema wiki ijayo. Wiki iliyofuata ukapata kumi na moja. Nikaona ukifika kumi na tano nitakwambia."

"Na ile saa nzima mezani? Kila Jumatatu?"

"Nilikuwa nasoma majibu yako. Nataka kuona wapi umekosea." Akainua mabega. "Ya sehemu unayajua. Ya asilimia bado."

Saba mara sita. Saba mara saba.

Wiki kumi. Kwaya. Nane ni namba ya nyumba. Mimi kumwambia amhurumie Mama, naye kuniambia sawa.

"Na plasta?"

"Walitutangazia darasani kuhusu picha. Nikabandika. Ukabandua." Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayetaja hali ya hewa. "Jumatatu asubuhi nilitaka kuificha simu, nikakuta umeshaitia mfukoni."

Nilitaka kulia, nikatafuta machozi, hayakuwepo. Nilihisi kama mguu uliokufa ganzi, unajua ni wako lakini unaugusa kama kitu cha mwenzako.

"Usiseme, Dada," Kasuku akaninong'oneza. "Mimi nitarudia darasa, mwaka ni mmoja tu. Wewe ukisema, watu watajua kwamba ulikuwa... Mama atajua. Na Mwalimu hatakuamini, itakuwa umeaibika bure."

Mama alifunga bomba, akaja. Macho yake hayakunigusa.

"Twendeni ndani," akasema.

Tulipoingia mwalimu alikuwa ameshika kalamu.

"Mna la kuongeza?"

"Hatuna," Mama akasema.

Ncha ya kalamu ikagusa karatasi.

"Mwalimu," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo, nikadhani hakuisikia. Alisikia. Aliinua kalamu, jina likabaki na doa moja la wino.

"Hakunituma. Sikuwa namfanyia yeye. Nilikuwa nafanya... nilikuwa nafanya yangu."

"Yako yapi?"

"Nilikuwa nasoma."

"Dada, usi—" Kasuku akaanza.

"Nyamaza wewe," Mama akamwambia. Kisha kwangu, taratibu: "Unasoma nini?"

"Ya darasa lake. Mimi nimeishia la tano. Nilibonyeza sikujua kwamba yanakuja kwako, Mwalimu. Wiki kumi zote ni mimi. Hizo nane na kumi na moja ni zangu. Yeye hajafanya hata moja, alikuta nimezimaliza."

Katika maisha yangu sijawahi kusema maneno mengi hivyo mfululizo. Nikasikia jasho likishuka mgongoni.

Mwalimu aliegemea kiti. "Dada yangu, nimefundisha miaka ishirini. Kila mwaka mzazi ananiletea uongo wa kumwokoa mwanawe. Bibi amefariki, bibi huyohuyo mwaka jana alifariki. Huu wako ni mpya, nakupongeza. Mtu mzima, mwenye kazi yake, anatumia muda wake wa mapumziko kufanya maswali ya watoto. Kwa hiari yake. Unataka niandike hivyo?"

"Ndiyo."

"Wiki hii ulipata ngapi?"

"Sijui. Mimi naona Asante tu."

Kuna kitu kilipita usoni mwake. Alifungua droo, akatoa karatasi, akaiweka mbele yangu.

"Haya ni ya Jumatatu ijayo. Hayajaingia kwenye simu ya mtu yeyote. Wiki hii ulipata kumi na tano, kama ni wewe. Mtu wa kumi na tano anaweza hili. Lisome la kwanza kwa sauti, tusikie wote, kisha ulijibu hapahapa. Ukiweza, nazifuta alama za wiki kumi, mtoto atafanya zote upya na jina linabaki. Usipoweza, utakuwa umenidanganya, na unajua nitakachofanya."

Kidole chake cha kushoto kikawa juu ya mstari wa kwanza. Mkono wa kulia haukuiacha kalamu.

Kwa sauti.

Niwaambie basi ya darasa la tano. Tulikuwa na zamu ya kusoma mbele ya darasa. Zamu yangu ilifika, nikasimama, kitabu mkononi. Maneno yote niliyajua. Niliyaona, moja moja, yamekaa kwenye karatasi kama mashuka safi. Lakini sauti haikutoka. Mwalimu wa wakati ule akasema nitasimama mpaka nisome. Nilisimama mpaka kengele. Kesho yake tena. Siku ya tatu darasa zima lilikuwa linaniita Bubu, na siku ya nne walijifunza kuliimba jina hilo. Nilivumilia siku mbili zaidi. Halafu ndiyo ile asubuhi niliyomwambia Mama.

Sasa kulikuwa na watu watatu tu chumbani, na mmoja wao alikuwa mtoto aliyetoa kwaya yake ili mimi niimbe kwenye beseni la vyombo. Nikaishika karatasi. Herufi zilikuwa pale. Nilizijua. Koo likafunga palepale pa zamani, kama lilikuwa linaningoja.

Saa ya ukutani ilikuwa inaelekea saa tisa kasoro robo.

"Dada," Kasuku akasema polepole. "Ni ya sehemu."

"Usimsaidie," mwalimu akasema.

Mama akasogea. Nilifikiri ataninyang'anya karatasi. Alisimama nyuma ya kiti changu, mikono yake inanuka dawa ya wodi.

"Mwalimu, usimtese mwanangu," akasema. "Amesema uongo wa kumwokoa mdogo wake, mimi mwenyewe ningeusema. Lakini kusoma hasomi. Huyu shule aliikataa kwa mdomo wake. Nilimwuliza mara tatu, nimemshika mabega hivi. Akaniambia haipendi. Kata hilo jina, twende zetu."

Kalamu ikashuka kuelekea jina.

Nikageuka nikamtazama Mama. Miaka kumi na moja sijawahi kumtazama nikisema jambo hilo.

"Nilidanganya, Mama," nikasema. "Nilikuwa naipenda."